Namna ya Kuwa Mjuzi wa Usambara Bila Kupanda Mlima

Unaishi Korogwe, au Handeni, au una shangazi upande huo. Milima ya Usambara umeiona tangu utotoni, imejifunika wingu lake, na hujawahi kuipanda. Usione haya. Wenye akili wengi hawajaipanda. Tatizo ni wageni. Mgeni akishuka kwenye basi la Dar, hata uso hajanawa, kidole kimeshainuka: "Na kule juu kuna nini?" Ukimjibu hujui, umejiaibisha wewe na ukoo mzima. Ukimjibu kuna baridi, umejipatia dakika moja ya kupumua, maana swali la pili liko njiani.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe. Ufuate hatua kwa hatua, na kabla mwezi haujaisha wataanza kukuita mwanahistoria. Wakikuita mara ya pili, itika. Viatu vya kupandia hutavihitaji. Kitabu kizima hutasoma. Unachohitaji ni kikombe cha kahawa, sauti ya chini na uso mkavu. Wala dhamiri isikusumbue, kwa sababu milima hii ina desturi ya siku nyingi ya kumpa sifa mpita njia. Wewe unaingia tu kwenye foleni.

1. Chagua kiti

Ujuzi huanza na mahali pa kukaa. Ukisafiri kutoka Dar kwenda Arusha, kata tiketi ya upande wa kulia. Ukishapita Korogwe, Usambara itakufuata dirishani, Mombo, Mazinde na kuendelea. Ukirudi, kaa kushoto. Anayekaa upande wa pili ataona nyika na mkonge, na mkonge hauulizwi maswali.

Ukiwa Korogwe mjini, simama utazame kaskazini. Mbele yako na kushoto ni Usambara Magharibi: Bungu, Bumbuli, Vugha, Lushoto. Kulia, ng'ambo ya bonde la mto Lwengera, ni Usambara Mashariki, iliko Amani. Mgeni akisema "mlima ule", msahihishe kwa upole: "Hiyo ni milima miwili, ndugu yangu. Lwengera ndiyo inayoitenga." Sema hivyo huku mkono ukisogea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha nyamaza. Kunyamaza ni nusu ya elimu.

Kariri namba tatu, zisizidi. Korogwe iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari. Lushoto kama 1,400. Vilele vya juu vinapita 2,200. Ongeza kwamba Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na kwamba misitu yake ina mimea na viumbe visivyopatikana pengine popote duniani. Akiuliza viumbe gani, mtajie kinyonga. Kinyonga hajawahi kumwangusha mtu.

2. Mdai Mbegha

Kila nchi ina mwenyewe, na mwenye Usambara ni Mbegha. Sasa sikiliza habari njema: Mbegha hakuwa mtu wa huko juu. Alitoka Ngulu, milima ya upande wa Handeni na Kilindi. Wewe wa Handeni, nyoosha mgongo. Mfalme alitoka kwenu.

Simulia hivi. Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na zamani kigego alihesabiwa mkosi. Ndugu zake wakamnyima urithi. Akabaki na mbwa wake na mikuki yake, akawa mwindaji. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa mji. Wakatoka kuwinda nguruwe, yule kijana akauawa na nguruwe, naye Mbegha akatoroka asije akadaiwa damu. Akaingia Usambara. Huko nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba. Akawaua, nyama akaigawa bure. Watu wakamletea vyakula vyao vya shamba, wakala pamoja, na baada ya kula wakamletea ugomvi wao awaamulie. Alipokuwa akienda Vugha akaua simba njiani. Watu wa Vugha wakampa ufalme, na ukoo wake wa Wakilindi ukaitawala milima vizazi kwa vizazi.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, nyama isipungue; kila ukisimulia, ongeza mnofu. Pili, ukiwa kwenye futari, nguruwe wageuze wawe "wanyama waharibifu", na usieleze kilichofanyika baada ya kuwaua. Tatu, taja kitabu. Kinaitwa Habari za Wakilindi, alikiandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, wamisionari wa Magila karibu na Muheza wakaanza kukichapa miaka ya 1890, na kikachapwa upya Nairobi mwaka 1962. Usikifungue. Ukikifungua utakuta watoto wa mfalme wengi, kila mmoja na kijiji chake na kinyongo chake, utapotea humo na kahawa itapoa.

Lakini funzo la Mbegha lichukue. Mtu alifika ugenini hana kwao, meno yake yana kesi, rafiki yake amefia mikononi mwake, na bado akaondoka mfalme. Kwa nini? Hakufika mikono mitupu. Kabla hujaanza kusimulia, agiza mishikaki. Msikilizaji mwenye kitu mdomoni hawezi kukupinga.

3. Kaa muda mfupi

Wapo watakaokuambia kwamba ili kuijua nchi ni lazima ukae. Hao ndio wanaokaa, na hakuna anayewajua. Waangalie waliopata majina.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Waingereza, alifika Vugha mwaka 1848, akaonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai, akaondoka. Mwaka 1852 akaja tena, akaondoka tena. Leo huwezi kuandika ukurasa wa historia ya Usambara bila kumtaja.

Richard Burton alikuwa mwepesi zaidi. Februari 1857 alitoka Pangani na mwenzake John Speke, wakapanda hadi Vugha, wakamwona Kimweri, na kabla wiki haijatimia walikuwa wameshashuka. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa. Aliposikia Mzungu ni mganga, hakumuuliza habari za Ulaya wala za Sultani wa Zanzibar. Alitaka dawa ya kumrudishia nguvu na ujana. Hakuipata. Burton aliporudi pwani aliugua homa, akapona, akaandika kurasa kwa kurasa kuhusu mji aliouona kwa muda mfupi kabisa. Huo ndio uwiano unaoutafuta: kuona kidogo, kuandika sana. Ukikaa muda mrefu utaanza kuwa na shaka, na mwenye shaka haalikwi kuzungumza.

Kuna jina la kulipita haraka. Katika safari hiyohiyo, kwenye ngome ndogo ya askari wa Sultani huko Chogwe, karibu na mto Pangani, walimpata askari aitwaye Sidi Mubarak Bombay. Huyu aliwafuata hadi ziwa Tanganyika, akafika na Speke ziwa Victoria, akatembea na Stanley kwenda Ujiji, kisha akavuka bara zima na Cameron, kutoka bahari hadi bahari. Huyo ndiye aliyekaa njiani. Sasa tafuta kwenye ramani ziwa au mlima wenye jina lake. Umeelewa somo.

Na kama mtu atakutania kwamba historia ya mlimani haisimuliwi na mtu wa bondeni, mjibu kwa jina la Semboja. Baada ya Kimweri kufariki, mwanzoni mwa miaka ya 1860, wakuu wa Vugha walibaki juu na heshima zao, na matambiko yao ya mvua. Semboja, mtoto wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini, misafara inakopita. Misafara ilileta bunduki. Vita ilipoanza kati yake na mpwa wake aliyekuwa Vugha, aliyekaa barabarani ndiye aliyewatikisa waliokaa kileleni. Kwa hiyo kijiwe chako cha kahawa pale Manundu, Korogwe mjini, si mahali pa unyonge. Ni Mazinde yako.

4. Kila ukuta ni wa Mjerumani

Hapa kazi ni nyepesi. Ukiona ukuta mnene, sema: "Huu wa Mjerumani." Ukiona ukuta mwembamba, sema: "Huu wa Mwingereza." Ukiona ukuta umepasuka, usiseme kitu, maana fundi anaweza kuwa mezani.

Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao Wilhelm wa Pili. Walipenda ubaridi wake, wakajenga, wakapanda miti ya kwao, na wakubwa wakakimbilia huko joto la pwani lilipowazidi. Kaisari mwenyewe hakuwahi kukanyaga Usambara. Hakufika Lushoto, hakufika Soni, hata Mombo kununua ndizi hakufika. Mji ukawa wake vilevile. Siku yoyote utakapoona haya kwa kutopanda mlima, mkumbuke Wilhelm.

Reli utaieleza kwa masikitiko, ukitikisa kichwa. Walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Muheza ilifika 1896. Korogwe ilifika 1902. Hizo ni kilomita zisizofika mia moja, kwa muda wa miaka tisa hivi. Kampuni ilishindwa njiani, serikali yao ikachukua kazi. Mombo wakafika 1905, Moshi 1911. Ukikutana na mtu anayelalamika kwamba barabara ya mtaani kwake inachelewa, mpe takwimu hizi. Hazitamsaidia, lakini wewe zitakupandisha.

Halafu mkonge. Uonyeshe tu, uko kila upande: Ngombezi, Magunga, Hale. Sema kwamba mwaka 1893 mtaalamu Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanga kuwa Tanga. Tamka "sitini na mbili" kwa sauti ya mtu aliyeihesabu. Akiuliza nani aliyekata majani yake kwa miaka yote iliyofuata, kwenye jua hilo, mkono ukichomwa miiba, mwambie walikuwa wengi mno kutajwa. Ni kweli, na pia ni njia nzuri ya kufunga mada.

Vita Kuu ya Kwanza ipe sentensi mbili. Mjerumani alijenga reli ndogo ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni ili kuhamisha vifaa. Juni 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Wilhelmstal, Korogwe na Handeni ndani ya mwezi huohuo. Ukiwa Handeni, sentensi ya kwanza iweke mbele. Watu wa Handeni hupenda kusikia kwamba reli iliwahi kuwafikia, hata kama ilikuwa ya kusukumwa kwa mikono.

5. Beba ua

Kwa wageni wenye bustani, hasa shemeji anayeishi Ulaya, hifadhi picha ya ua moja kwenye simu. Ni dogo, la zambarau, majani yake yana manyoya laini. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota huku kwetu, akatuma kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu: Saintpaulia. Tangu hapo linauzwa kwenye vyungu vidogo, na limekaa madirishani mwa mabibi wa Berlin, London na Chicago.

Shemeji atashtuka: "Kumbe hili langu la sebuleni limetoka Korogwe?" Usimkatalie. Linatoka Usambara na maeneo ya Tanga, lakini Korogwe iko njiani, na njiani ndipo ulipo wewe.

Angalia pia ufundi wenyewe. Ua lilikuwepo mwambani, kwenye kivuli, miaka yote. Washambaa, wenyeji wa milima hii, walikuwa wanapita hapo na mizigo yao kila siku ya soko. Akaja ofisa mmoja, akainama mara moja, likabeba jina lake. Wewe huombwi hata kuinama. Unaombwa kuwa na chaji kwenye simu.

6. Tengeneza ushahidi

Itafika siku watu watataka uthibitisho kwamba ulikwenda. Nenda Mombo. Usiende mbele ya Mombo. Pale barabarani utakuta plamu, mapeasi, parachichi na karoti zilizoshuka kutoka juu alfajiri hiyohiyo. Nunua mchanganyiko, changanya na majani machache ili yaonekane yamechumwa. Kiatu kimoja kichovye kwenye tope. Kimoja tu, vyote viwili watadhani ulianguka. Rudi nyumbani na sweta mkononi, useme: "Huku chini mnaungua." Kisha piga chafya.

Ukibanwa kabisa, ukalazimika kupanda, usihangaike. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona. Kaa mbele, fumba macho, sema unawaza. Yafumbue Soni, pale penye maporomoko ya maji, na utamke: "Maji yamepungua." Maneno hayo mawili yanafaa mwaka wowote, kiangazi na masika, na hakuna mtu aliyewahi kuyapinga. Ukifika Lushoto nenda Irente, ule ukingo unaotazama chini Mazinde na nyika yote ya Umasaini. Piga picha moja, mgongo kwa kamera, mikono kiunoni. Teremka siku hiyohiyo. Ukilala huko utaamka na mafua, na mafua ya kweli hayana heshima.

Salamu za Kishambaa jifunze mbili tu. Asubuhi: "Onga maundo." Mchana: "Onga mshi." Ukisalimiwa wewe, jibu: "Niwedi." Ukiona mwenzako anaendelea na maneno marefu, simu yako na iite.

7. Ukiwa Handeni

Handeni inahitaji mbinu ya peke yake, kwa sababu milima ya Usambara haionekani vizuri kutoka Chanika, pale Handeni mjini, na mgeni anaweza kukuuliza inakuhusu nini. Mwonyeshe bomba. Mradi wa maji wa HTM huchukua maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kuelekea Handeni, na mto huo umekusanya maji ya Kilimanjaro, ya Upare na ya Usambara. Mwambie: "Sisi hatupandi mlima. Mlima unatufuata nyumbani." Kisha omba Mungu mgeni asifungue bomba, kwa sababu Handeni na maji wana historia yao, na mlima una siku zake za kuchelewa.

Kama hadhira inaanza kupiga miayo, hama kabisa. Ondoka milimani, nenda Somalia. Hili ni la kweli, na litawaamsha. Miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga Wazigua wa huku Handeni. Wengi walishuka pwani, wakapakiwa majahazini, wakaishia utumwani kusini mwa Somalia. Wengine walitoroka, wakajijengea vijiji kando ya mto Juba, na wakaendelea kusema Kizigua, kizazi baada ya kizazi, zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbia kurudi nchi ya mababu. Wakapewa mahali Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania.

Ukimaliza kusimulia hayo utaona meza imenyamaza. Hapo usiongeze mzaha. Mlafi wa sifa naye anajua pa kuweka kijiko chini. Subiri kidogo, agiza chai nyingine, halafu rudi kwa Mbegha na nyama zake.

8. Epuka jembe

Sehemu moja ya historia hii nakushauri uipite haraka, nayo ni ya jembe. Baada ya Vita vya Pili Waingereza waliona ardhi ya Usambara inamomonyoka, wakaanzia Mlalo mpango wa kuiokoa. Kila mkulima alitakiwa kupiga matuta kwenye sehemu ya shamba lake. Aliyekataa alitozwa faini. Kazi ilikuwa ngumu, mteremko ni mkali, na sehemu kubwa ya kulima ilikuwa mikononi mwa wanawake. Watu wakapinga matuta, wakawapinga na machifu waliokubali matuta, na TANU ilipofika milimani miaka ya 1950 ilikuta watu wameshakasirika tayari. Mpango ukafa kabla ya uhuru.

Utaona ni kisa kizuri: kina serikali, ubishi na ushindi. Lakini kwa mjuzi hakifai. Hakina mtu mmoja wa kumpiga picha. Hakina mfalme wala simba. Kina watu maelfu wenye majembe, wanaojua udongo wao kuliko ofisa yeyote, na historia ya watu maelfu haina mahali pa kumweka msimulizi. Ukianza kuwataja, msikilizaji atauliza: "Wewe ulijuaje?" Utalazimika kusema kwamba bibi yako alikuambia, na mara bibi atakuwa ndiye mjuzi. Kazi yako itakuwa imeharibika.

Ukibanwa sana, sema: "Matuta, eh, yalileta maneno," kisha rudi kwenye kuta za Mjerumani.

9. Akitokea mjuzi wa kweli

Haya hutokea. Uko katikati ya hadithi, simba anakaribia kufa, na kwenye benchi la pili kuna bibi ameweka chini kapu lake la kabichi. Anakusikiliza. Anatabasamu. Huyo ametoka Vugha.

Usikimbie. Msalimie kwanza, tena kabla yake: "Shikamoo bibi." Mpishe kiti chako. Mwagizie chai na maandazi kwa gharama yako, bila kupepesa. Kisha geukia wageni na useme: "Mimi nilikuwa nawaonjesha tu. Bibi, hebu wamalizie." Hapo umekuwa mtu mnyenyekevu kabla hujaumbuliwa, na atakayeumbuliwa hayupo tena.

Bibi ataeleza. Atakuambia njia aliyopita Mbegha ni ipi, na kwamba uliyoitaja wewe haipo. Atakuambia nani alizikwa wapi, ni kilima gani watu hawakati kuni na kwa nini, mvua iliombwaje, matuta yalivunja mgongo wa mama yake mwaka gani. Atataja majina, mengi, na hatababaika. Wewe tikisa kichwa, ukisema "hasa" na "ndiyo ndiyo" kwenye vituo. Simu iweke mezani, kioo chini, ikirekodi.

Akiondoka, kwa sababu gari la kushukia Tanga halimsubiri na kabichi zinanyauka, msindikize mpaka mlangoni. Usimuulize jina lake. Jina likijulikana huleta madai.

Kesho yake simulia yote upya, kwa sauti yako. Baada ya kusimulia mara kadhaa utaona yamekuwa yako kabisa, hata pale anaposema "mama yangu" wewe utasema "mtoa habari mmoja". Kama utafika mbali hadi kuandika kitabu, na sioni kwa nini usifike, kwenye dibaji weka mstari mmoja: "Shukrani kwa wazee wa Vugha." Wote watajiona wametajwa.

Na bibi akija siku moja na kitabu chako mkononi, akuulize jina lake liko ukurasa gani, mwambie kwa masikitiko kwamba nafasi haikutosha, halafu mwombe akae akusimulie juzuu ya pili.